Daftari la Bomba Namba Tisa

Saa kumi na moja alfajiri nafungua kufuli.
Mita inakohoa mara mbili, kisha inaanza kuhesabu.
Haina usingizi mita, haina shangazi,
haijui nani jana alizika.

Bidoni zimejipanga tangu usiku, za manjano juu ya mawe meusi,
kila moja na alama yake: kitambaa chekundu kwenye mshiko,
kizibo cha gunzi la mahindi,
jina KYAKIMWA kwa rangi ya kucha.
Wenyewe wamelala. Bidoni ndiyo inayosimama foleni.

Faranga hamsini, bidoni moja.
Siku ya ufunguzi alikuja mkurugenzi wa kampuni,
viatu vyake vikiogopa lava,
akasema: maji ni bure, mnacholipia ni bomba.
Tukapiga makofi. Ziwa lilikuwa nyuma yake,
limejaa, halina mita.

Nisiseme uongo. Kabla ya kampuni
nilichota ziwani, Kituku, asubuhi kama hii,
na ziwa lile lile la bure
likanidai mtoto.
Siku mbili tu: tumbo, macho kuzama,
ngozi ukiifinya inabaki ilivyofinywa.
Kwa hiyo mkiitukana kampuni mbele yangu
nitanyamaza. Mkiisifu, pia nitanyamaza.

Bomba la serikali lipo, hatua kumi kutoka hapa.
Lilipakwa rangi ya bluu mwaka wa uchaguzi.
Buibui amepanga humo, na hadaiwi kodi.

Mwisho wa mwezi anakuja mkaguzi, kijana Mugaruka,
ana tableti na adabu.
Anasoma mita, anahesabu sanduku,
anakuna kichwa: Mama Mbambu,
lita mia tatu hazina pesa.
Nasema: zimevuja.
Anaangalia simenti chini ya bomba. Kavu.
Nasema tena: zimevuja.

Zilivuja usiku wa Jumanne, Mugaruka,
zikapanda chukudu ya Kasereka, bidoni kumi na tano,
yeye akivuta, mimi nikisukuma,
zikavujia kwenye mwinuko hadi kituo cha afya
ambako kampuni ilikata maji kwa deni la serikali,
na muuguzi Nzigire alikuwa amenipigia simu,
akinong'ona kama mwizi:
wako watatu wanazaa, na mikono yangu sina cha kuioshea.

Hayo sikumwambia.
Akakata kwenye mshahara wangu faranga mia saba na hamsini,
akaomba radhi,
akaomba na maji ya kunywa.
Nikampa. Akalipa.

Jioni nimefungua daftari langu,
lile ambalo kampuni hailijui,
la wenye kusema "kesho, mama".
Kuna ukurasa wa Kyakimwa. Kuna wa mwalimu Bauma,
ambaye mshahara wake hufika kama mvua ya Julai.
Nimefungua ukurasa mpya.
Juu, mahali pa jina, nimeandika: Serikali.
Bidoni kumi na tano.
Mahali pa namba ya simu nimeacha wazi.

Mahali pa siku ya kulipa
kalamu imesita,
na nje, gizani, nimesikia bidoni ya kwanza ya kesho
ikiwekwa juu ya jiwe.