Shilingi Moja ya Majaribio

Saa tano usiku, ghorofa ya tatu, Barabara ya Kijabe.
Stima imerudi, jenereta la jirani lingali linakohoa.
Nimetuma shilingi moja,
moja tu, ya majaribio,
kutoka mashine mpya ya Linux
hadi ile kongwe ya Solaris chini ya ngazi,
yenye vumbi na kibandiko: MALI YA CHAMA, USIZIME.
Ikajibu kwamba imepokea
milioni kumi na sita, laki saba, sabini na saba elfu,
mia mbili na kumi na sita.

Kwamboka alicheka hadi chai ikammwagikia.
"Leo Syombua wa viazi pale Marikiti
anunue lori."

Hakuna aliyeiba. Hakuna aliyedanganya.
Baiti nne zilitoka, nne zikafika,
ila huyu huanza kuhesabu miguuni, yule kichwani.
Kama mgeni uliyemwambia njoo saa mbili asubuhi,
akaja saa nane, chakula kimeshapoa,
anakuonyesha mshale wa saa yake:
si mbili hii?
Ni mbili.

Jana ulikuwa mlango. Niliagiza 8080,
ikafungua 36895,
ikakaa pale ikingoja kwa uaminifu
huku mimi nabisha kwingine.

Wote hujiita Unix. Ukoo mmoja, miko mbalimbali.
Wa BSD hutaja urefu wa anwani kabla ya anwani yenyewe.
Solaris hafungui kinywa usipomtajia maktaba zake mbili.
Na wote, ukiongea na mtu aliyekwisha kukata,
huanguka wafu papo hapo, bila kuaga,
usipowakataza mapema,
na kila mmoja hukatazwa kwa lugha yake.

Wanyonyi aliyeandika haya kabla ya kuhamia Eldoret
aliacha vizingiti kila baada ya mistari sita:
ukiwa huyu, pita hapa; ukiwa yule, pita pale.
Na onyo moja, kwa herufi ndogo:
hapa usiguse, hata mimi sijui.

Nimegusa.

Kabla ya kutuma, geuza namba ifuate mpangilio wa njiani.
Ikifika, igeuze ifuate wa nyumbani.
Mpangilio wa njiani, kwa bahati, ndio wa yule mkongwe;
kwake kugeuza ni kutogeuza,
lakini naandika vilevile,
maana kesho nani atakaa chini ya ngazi?

Nimetuma tena. Moja.
Kwamboka ameshuka na tochi ya simu,
nasikia kandambili zake hadi chini kabisa,
kisha kimya, kisha sauti:

"Moja!"

Nami, kabla sijaamini:
"Unaisoma kuanzia wapi?"