Ajenda ya Nne

Ajenda ya nne niliiandika kwa mkono,
maana printa ya chama, kama chama chenyewe, ina siku zake:
Je, tuendelee?

Ukumbi wa Ngara, ghorofa ya pili. Viti ishirini na vinne.
Watu sita, ukinihesabu mimi mwandishi,
na ukimhesabu Kisilu, aliyesinzia
kabla hatujamaliza yatokanayo.

Zamani tuligombea soketi.
Watu walikuja na kompyuta nzima nzima,
kioo kimefungwa leso kama mtoto mwenye homa,
wakapanda ngazi hizi wakihema,
wakasema: imeganda, tufanyeje?
Na mmoja wetu alijua. Au hakujua,
akavuta kiti, akasema hebu tuone,
na hiyo hebu tuone ikatuweka hadi saa moja usiku,
bawabu akigonga rungu kwenye bati.

Tulipitishiana programu kwa diski, mkono kwa mkono,
pamoja na virusi vyake,
kama mafua yanavyopita harusini.
Nyaguthii alijifunzia hapa kupanga hesabu
za kibanda chake cha Gikomba,
akagundua shemeji yake anamwibia.
Hilo halimo katika katiba yetu.

Halake, mweka hazina, alisimama.
Halake hasemi bila takwimu.
"Mwaka mzima," akasema, "tumeulizwa swali moja,
na aliyeuliza alikuwa akitafuta choo."
Tulicheka. Alingoja tumalize.
"Mjukuu wangu ana miaka tisa. Akikwama
anaiuliza simu, na simu haimwambii arudi Jumamosi.
Sisi tunakunywa ada za wanachama.
Tuseme ukweli: tumekuwa chama cha chai."

Siku ile sikuliandika neno hilo. Naliandika sasa.

Bharati akapinga: simu hujibu, sawa,
lakini haikuulizi mguu unaendeleaje.
Halake: mguu si kompyuta.
Bharati: na wewe si mwenyekiti.
Mwenyekiti alikuwa chini ya meza, akitafuta miwani.

Tena kuna suala la akaunti.
Nywila ya chama aliishika Otuoma peke yake,
na Otuoma tulimzika Butere mwezi wa tatu.
Tumejaribu jina la mkewe, namba ya gari,
timu aliyoishabikia hata ikimtia aibu.
Wajuzi wa kompyuta, miaka ishirini na sita,
tumefungiwa nje ya mlango wetu wenyewe.

Ndipo akaingia mama mmoja na mfuko wa karatasi.
Hakuketi. Alisema anaitwa Amoit,
kwamba mwaka wa elfu mbili na tatu tulimwazima modemu
atume maombi ya kazi;
kazi akaipata, akahamia Malaba, akasahau.
Sasa amestaafu, anapanga vitu vyake.
Akaiweka mezani. Waya ulikuwa umezungushwa vizuri,
ukafungwa kwa uzi wa kufumia.

Hakuna aliyemkumbuka.
Nilifungua daftari kuu, nikarudi nyuma, nyuma,
hadi kurasa ambazo panya walikwisha kuzionja,
na jina lilikuwepo, kwa mwandiko wa Otuoma:
Amoit. Modemu 1. Atarudisha.

Hakuna tarehe. Hakuna sahihi. Atarudisha, basi.

Halake aliishika ile modemu, akaipindua,
akachungulia matundu yake kama daktari wa meno.
"Hii," akasema, "haiungi na kitu chochote kilicho hai."
Lakini hakuiweka chini.

Kisilu akafumbua jicho moja:
"Hilo neno. Mmelijaribu?"

Tulilijaribu. Halikufungua.
Tukalijaribu kwa herufi kubwa, tukaongeza moja mwishoni,
tukatoa nukta, tukairudisha,
sote tumeinama juu ya kioo kimoja
hata nikasikia harufu ya tangawizi kinywani mwa Bharati.
Yule mama alikuwa bado amesimama, mfuko mtupu mkononi.
Akaangalia saa. Akavuta kiti.
"Hebu tuone," akasema.

Saa moja na robo bawabu aligonga bati.
Akaunti: bado.
Ajenda ya nne: haikufikiwa.
Waliohudhuria: saba.