Mtamani ni Besi Mbili

Kanuni ilikuwa yetu, haikuandikwa kokote ila daftarini mwangu:
mpira ukiangukia mtamani kwa Mama Nyaketcho, besi mbili;
ukivuka mtama ukagonga bati la kanisa, wote warudi nyumbani
na mgongaji aende kumwomba katekista msamaha.

Oboth aliomba msamaha mara kumi na tisa muhula ule.
Ninazo tarehe.

Mimi nilikuwa mwandishi wa alama, si mpenzi wake,
ingawa chuoni kote walisema vingine.
Nilikalia kreti la soda, mwamba wa Tororo nyuma yangu,
vumbi la saruji likishuka karatasini
hata penseli ikawa inakwaruza kama ukucha kwenye sufuria.
Gongo lake alilichonga fundi wa mipini, mti wa mvule,
zito mno. Wengine walilishika, wakacheka, wakalirudisha.
Yeye alilitikisa mara mbili begani,
kisha akanyamaza mwili mzima.

Akaja mtu mwenye kofia na saa ya kupimia,
akatazama mapigo sita, akaandika,
na miezi minne baadaye Oboth alikuwa Entebbe
na viatu vya kuazima
na chupa ya asali ambayo askari waliibakiza.

Ligi ndogo, alinieleza, ni ngazi iliyolazwa chini:
unatembea juu yake, hupandi.
Daraja la kwanza, mji wa mahindi kama Bugiri, ila bila watu.
Basi usiku kucha. Mkate na karanga za kusaga.
"Karanga wanazitia sukari, Akoth. Nilicheka peke yangu."
Aligonga kumi na moja nje ya uzio, wakampandisha.

Daraja la pili mpira ulianza kupinda.

Alinipigia saa tisa usiku, kwake jioni, mvua imezuia mchezo.
"Unakuja kama wa nyumbani, umenyooka, unaona hadi nyuzi zake,
halafu mlangoni unakumbuka una safari nyingine."
Tororo hakuna aliyewahi kuturushia hivyo.
Owino wetu alirusha kwa nguvu na kwa haki.
Nikachora safu mpya, nikamwomba anitajie zote,
naye akataja: straiki tatu, straiki tatu, wa juu ukadakwa,
straiki tatu.
Sauti yake haikutetemeka. Yangu ndiyo.

Wakamshusha. Wakampandisha. Wakamshusha.
Mwaka wa tatu meneja alimwita kabla ya chai,
mlango ukafungwa,
na kabati lake likavuliwa jina: plasta nyeupe, herufi tano.
Aliibandua mwenyewe, akaja nayo.

Sasa anafundisha hesabu Nagongera, kidato cha pili,
na Jumamosi anarudi kiwanja kile.
Mtama haupo, Nyaketcho ameuza. Kanisa lipo.
Hagongi tena. Anawarushia watoto ule uliopinda,
tena na tena, mpaka wanalia kwa hasira,
mpaka binti mmoja wa Kisoko, miguu peku,
akaungoja.
Akaungoja kupita adabu.

Nilisikia bati kabla sijauona mpira.
Oboth alisimama, mkono mtupu,
kama mtu aliyerudishiwa chenji zaidi na hajui aseme au aondoke.
Katekista akatoka.
Nikafungua ukurasa, nikamwita yule binti,
nikamuuliza: Adikini,
ni d moja, au mbili?