Imebaki ya Ishirini na Tisa

Damu ilinijia magharibi,
kati ya tende ya kwanza na bakuli la uji,
nikajua: na usiku huu nitaukosa.
Nikaukunja mswala niliofua tangu Jumatatu,
nikaurudisha juu ya kabati.

Wifi yangu Mwavita akachungulia, "Huji?"
Nikatikisa kichwa. Akaelewa.
Akaniachia kazi ya daku: ugali wa muhogo,
migebuka ya jana niiunge kwa mawese.
Wakaondoka, viatu vya plastiki
vikikwaruza mchanga wa Ujiji hadi kona ya msikiti,
Bi Sikudhani nyuma yao na kiti chake cha kukunja.
Magoti hayasujudu tena,
mwenyewe hakubali kubaki.

Nikabaki na mtoto wa Mwavita anayekoroma
na sauti ya imamu ikija kwa vipande,
maana kipaza sauti cha mwaka huu kinakatakata:
aya inanifikia haina kichwa, nyingine haina mkia,
nazishona kwa nilichobakiza
cha chuo cha Maalim Kitwana na fimbo yake ya mkunazi.

Mwezi haujatoka. Ukitoka utakuwa ukucha tu.
Ndiyo maana ziwani kuna mji:
taa za wavua dagaa zimejipanga kuelekea Kongo.
Kumi la mwisho lina giza,
na giza ndilo shamba la dagaa.
Mume wangu ni taa mojawapo, sijui ipi.
Alisema akikunja suruali,
"Dagaa hawajui mfungo. Niombee."

Niombee! Kwa mdomo upi?
Kisha nikaona haya.
Kilichozuiwa ni rukuu na sijida.
Mdomo nani kauzuia?

Nikaketi kizingitini na tasbihi.
Msamehevu, wapenda kusamehe, nisamehe.
Thelathini na tatu. Sitini na sita.
Mahali fulani huko mbele ulimi ukanikwama
kwenye neno lilelile:
unaomba nini, mwanamke, usichokitoa?

Nikaleta daftari,
la madeni, lenye twiga jaladani na harufu ya samaki.
Mama Feruzi, sado mbili, tangu Rajabu.
Mumewe amelazwa Maweni. Nikakata mstari.
Binti wa Tengeneza, nusu sado, alisema kesho,
na kesho hiyo imeota ndevu. Nikakata.
Songoro, debe zima.
Songoro mwenye pikipiki mpya,
anayenipigia honi akipita.
Kalamu ikasimama.
Nilitafuta moyo mkubwa kuliko huu,
nyumbani hamna.
Songoro nikamwacha.

Ukurasa wa mwisho nikagawa elfu kwa kumi na mbili:
miaka themanini na mitatu, miezi minne inabaki.
Umri wa Bi Sikudhani, pungufu kidogo.
Basi ameingia msikitini na maisha mamoja,
atatoka na mawili?
Na mimi wa mlangoni,
nimeandikiwa walau wiki?

Wanasema usiku wenyewe mbwa habweki.
Mbwa wa Mlekwa alibweka mara mbili,
kisha akanyamaza.
Sikuangalia saa.

Wakarudi wananuka udi, macho mekundu.
Tukala daku kimya.
Asubuhi jua likapanda juu ya michikichi
na miale yake yote, au bila miale, sikuweza kusema,
machozi ya moshi wa kuni yalikuwa machoni.

Mume wangu akaja na ndoo tatu tu.
Akaketi, akavua shati lililolowa.
"Usiku wa manane upepo ulikatika," akasema.
"Maji yakalala kama mafuta kwenye sahani.
Tukaacha kuvuta nyavu.
Hakuna aliyemwambia mwenzake aache."
"Saa ngapi?"
"Saa nane. Saa tisa. Nani alitazama?"

Alipolala nikalifungua daftari.
Songoro yupo palepale, debe zima,
kwa mwandiko wangu mzuri.
Barabarani honi ikalia, mara mbili kama kawaida yake.
Nikalifunga, nikaichomeka kalamu ndani.
Imebaki ya ishirini na tisa.