Kipimo cha Mwanga

Jumatatu milango hufungwa, nami hufunguliwa wa pembeni.
Farquhar mlinzi hunipa ufunguo na habari za goti lake,
kisha nabaki peke yangu na maua mia na arubaini
yasiyonukia, yasiyonyauka, yasiyoomba maji.

Kazi yangu ni kupima mwanga.
Nashika kidude kidogo kama yai mbele ya kila kioo,
nasoma, naandika. Luksi hamsini, basi.
Karatasi hizi zimekula chumvi nyingi,
ukizizidishia, waridi linageuka chai ya jana.
Nje, ng'ambo ya ukuta,
ndugu zao wa bustanini wananyosha shingo
kuligombania jua la Edinburgh, nalo ni la mgawo.
Humu ndani jua ni sumu.

Ukumbi wa nyuma ni wa walio hai.
Isobel Meikle aling'oa gugu kwenye ufa wa saruji
nyuma ya duka la samaki kule Leith.
Likamnyaukia kabla hajamaliza jani la tatu.
Hakutafuta jingine.
Akachora kunyauka kwenyewe, siku baada ya siku,
mpaka shina likalala kama uzi uliokatika,
na jani la chini lina tundu la kiwavi,
na kiwavi hayupo.
Juzi mtoto alibandika pua pale kwenye kioo
akaacha doa la mafua.
Farquhar alifuta akinung'unika.

Ukumbi wa mbele, ua jekundu la Kolkata,
miaka mia mbili na ushei.
Kibandiko kinamtaja bwana aliyeliagiza mara tatu:
kwa cheo chake,
kwa jicho lake la kukusanya,
na kwa Kilatini, maana mmea wenyewe
umebatizwa jina lake.
Mchoraji: Mhindi. Jina halikuhifadhiwa.
Kana kwamba jina ni maziwa,
lingechacha melini.

Leo hapo kipimo kiligoma. Hamsini na nne.
Nikainama kutafuta mwanga unapopenyea,
jicho likanasa kwenye ukingo wa petali ya nne:
unywele.
Mfupi, mweusi, umelala chini ya wekundu.
Wa kindi labda, umechomoka kwenye brashi.
Au ni kope.
Labda naye aliinama hivi, karibu hivi,
akabana pumzi mkono usitetemeke,
ukadondoka, rangi ikaufunika,
na bwana mwenye jina hakuuona.

Daftari langu lina safu ya namba na safu ya tarehe,
hakuna pa kuandika unywele.
Nikavuta pazia upana wa kidole. Hamsini.
Nilipaswa kwenda kwenye okidi.
Nikasimama tu, mvua ikipiga dirisha,
koti langu likichuruzika sakafuni,
hadi nilipotazama tena kidude:
arubaini na moja.

Kivuli changu hicho.