Chumvi kwa Dawa

Mwadi amenibandika gotini kiraka cheupe,
chembamba kama ngozi ya kitunguu.
Tuko uani, Katuba, umeme umekatika tangu saa mbili,
jirani anapepea makala kwa mfuniko wa sufuria.
"Tulia, baba. Usikune."

Nauliza: kiko wapi kidonge?
Anacheka. Dawa, anasema, imo ndani ya utando,
kila chembe imeshikwa kwa chaji yake
kama mtoto anavyoshikwa mkono sokoni,
wala haiachiliwi
mpaka ije chembe nyingine, yenye chaji ileile, kushika nafasi.
"Nyingine ipi?"
"Ya chumvi ya jasho lako. Inaingia moja, inatoka moja."

Kumbe mwanangu ananifundisha kazi yangu.
Miaka ishirini na saba kwenye matangi ya elektrolisisi,
asidi ikinitoboa mashati, ikinila kucha,
na shaba inapita katika maji ya buluu bila mtu kuiona,
inakwenda kulala juu ya bamba,
unene wa unywele, kisha wa kidole.
Sikujua hesabu yake. Nilijua harufu,
na ile ladha ya chuma mdomoni, alfajiri, baada ya zamu.

Jasho nililitoa pia.
Lilidondoka humo humo, chumvi yangu ndani ya shaba yao,
ikapanda treni, ikaenda kusini.
Kilichotakiwa kuingia mfukoni badala yake
hakijaingia. Karatasi ya malipo ya uzeeni
imo ndani ya Biblia ya marehemu mama yake,
imekunjwa mara nne.

Ndiyo maana namwuliza tena, polepole,
kama mtu anayehesabu noti mbele ya muuzaji:
moja kwa moja? Hakuna anayebaki na deni?

"Utando haujui kukopa, baba."

Saa tisa. Umeme bado. Kiraka hakiuhitaji.
Joto la Oktoba limekalia mabati,
goti linaanza kutoa jasho
na kitu kinapoa kule chini, karibu na mfupa,
au nadhani kinapoa, sijui.
Mwadi anaandika saa kwenye daftari.
Mimi, bila kumwambia,
nakivuta kiti kutoka kivulini,
nakipeleka juani.