Hesabu Moja

Juu ya Kiboriani kuna kabati la bati,
betri mbili za lori, sola moja iliyopasuka kona,
na nguzo tuliyoipandisha kwa mabega
mwaka ule nyani walipotafuna waya wa kwanza.
Ndiyo ripita yetu. Mali ya chama.
Saruji yake bado tunadaiwa.

Ukiwa Mpwapwa na redio ya mkononi
humsikii mtu wa Kongwa; mlima umekaa katikati
kama shemeji asiyetaka kusogea kwenye benchi.
Lakini mlima huohuo, ukiupigia hodi
kwa ile toni nyembamba ambayo sikio halinasi,
huitikia, huichukua sauti yako ingali mbichi
na kuimwaga upande wa pili, papo hapo.
Hauongezi chumvi. Hauweki akiba.
Wahenga walisema milima haikutani;
hawakusema lolote kuhusu mmoja
uliokubali kusimama kati na kusikia pande zote.

Kanuni yake ni moja, na Chilongani, fundi friji,
alitufundisha kwa kutugonga vidole kwa kalamu:
Bonyeza. Hesabu moja. Ndipo useme.
Ukiwa na haraka, mlima unakula mwanzo.
Ndiyo maana mwaka mzima niliwaamkia watu "bari za jioni,"
na Sechelela, anayeita orodha kila Alhamisi saa mbili,
akamwandika Chisena daftarini "Sena."
Wanawe wananiita hivyo mpaka leo.

Ndugu yangu Ndahani yuko Kongwa.
Naye ana redio. Naye huitikia orodha.
Tangu yale magunia arobaini ya Kibaigwa,
niliyoyauza bila kumwambia, wiki moja kabla bei haijapanda,
simu yake imenifungia mlango,
na kwenye msiba wa shangazi alinipa mkono
huku akitazama viatu.
Lakini Alhamisi, kwa taratibu za chama,
lazima aseme: "Kongwa nipo, nawasikia wote."
Wote.
Nimeishi na neno hilo misimu miwili.

Alhamisi iliyopita mvua ilikuwa inashuka Gulwe,
redio yangu imebaki na alama moja ya chaji.
Sechelela akauliza, kama aulizavyo siku zote,
"Kuna mwenye neno kabla sijafunga?"
Kidole kikaitangulia akili.
"Nisamehe, Ndahani. Mahindi yalikuwa yetu sote."

Nikaachia. Mlima ukaburuta mkia wake,
ule mvumo mfupi, kisha pip.
Kimya.
Kisha sauti yake, kavu, ya kikazi:
"Mpwapwa, rudia. Mwanzo umeliwa."

Sijui kama kweli ulikuwa umeliwa.
Watu kumi na wanne wanasikiliza,
toka Mlali hadi Hombolo,
kuna aliyeacha tonge hewani, hilo naapa.
Ningeweza kusema haikuwa kitu.
Ningeweza kuuliza mawimbi yangu yanafikaje.

Nikabonyeza.
Nikahesabu moja,
na ndani ya hiyo moja mlikuwa na lori, mizani,
risiti niliyoikunja mara nne,
na yeye, miaka tisa, akinishikia ngazi
nipande kichanjani kushusha mtama.
"Nisamehe," nikasema.
Safari hii lilipita zima, na herufi zake zote.

Hakujibu kwa maneno.
Tk. Tk.
Mibofyo miwili, kama tufanyavyo
mtu akiwa barabarani, mikono haina nafasi.
Mkia. Pip.

"Nimeandika," akasema Sechelela,
wala sijui aliandika nini.
"Hombolo, bado upo?"